Kagua Nyumba ya Nyoka Wako Kabla Hajaumia

Karibu, mtazamaji. Nyoka nimemweka pembeni kwenye ndoo yenye mfuniko wa matundu, ili tulikague tangi likiwa tupu. Nazungumzia nyoka wasio na sumu wanaofugwa ndani. Wenye sumu ni habari nyingine, usiwaguse kwa kufuata video.

Tuanze na joto, maana hapo ndipo pana madhara makubwa. Nyoka akilalia kitu kinachozidi kupata moto, mara nyingi haondoki. Hubaki pale pale mpaka magamba ya tumbo yaungue. Kwa hiyo mkeka wa joto usiuchomeke moja kwa moja kwenye umeme, upitishe kwenye themostati, kifaa kinachokata umeme joto likifika kiwango ulichoweka. Tazama sensa yake, ile ncha ya waya inayopima joto: nimeibana kwa nje, kati ya mkeka na kioo. Ukiiacha inaning'inia ndani, nyoka ataisukuma itumbukie kwenye bakuli la maji. Hapo themostati itadhani tangi limepoa, na mkeka utazidi kuchemka chini ya tumbo lake. Weka pia kipimajoto sakafuni, pale anapolala. Kwa chatu wa kifalme, upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili 24 hadi 27, achague mwenyewe.

Balbu iliyo ndani ya tangi lazima iwe na kizimba cha waya, la sivyo atajizungusha juu yake. Na yale mawe ya umeme ya kuotea joto, mimi siyaweki kabisa.

Sasa ingiza mkono. Pitisha vidole kwenye kila ukingo, kila pembe ya wavu, na ndani ya pango lake. Panapokukwaruza wewe ndipo patakapomchubua pua, kwa sababu nyoka anayetafuta upenyo husugua pua usiku kucha. Mawe mazito yakae juu ya sakafu ya tangi lenyewe, si juu ya matandiko. Akichimba chini yake yatamwangukia. Maranda ya mwerezi yaondoe, mafuta yake yanamdhuru.

Selotepu isiingie humu hata kipande. Ikishamganda, usiivute, utang'oa na ngozi. Paka mafuta ya kupikia pembezoni, subiri gundi ilegee, kisha ibandue kidogo kidogo ukielekea mkiani, kufuata magamba yanavyolala.

Chakula nacho ni hatari tunayoiingiza wenyewe: panya hai aliyeachwa na nyoka asiye na njaa humtafuna nyoka. Mpe panya aliyekufa, aliyeyeyushwa barafu vizuri, kwa koleo refu.

Tuseme ameshachubuka. Mchubuko mdogo wa juu juu uoshe kwa maji safi ya uvuguvugu, halafu upanguse kwa chachi iliyochovywa kwenye iodini ya povidoni, dawa ya kuua vijidudu kwenye vidonda, uliyoizimua kwa maji mpaka ikawa na rangi ya chai nyepesi. Usitumie spiriti, wala marhamu ya binadamu yenye dawa ya ganzi. Ondoa matandiko yote, tandika karatasi nyeupe ili uione damu au majimaji mapema, ibadilishe kila ikichafuka, na usimshikeshike ovyo.

Kuungua, hata kukionekana kudogo, ni kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia. Vivyo hivyo malengelenge, usaha, uvimbe, jeraha la kung'atwa, au nyoka anayepumua mdomo wazi.

Jambo la mwisho ni gamba. Akijivua, usilitupe kabla hujalikagua. Linyooshe hivi, utazame kichwani: vifuniko viwili vya macho viwemo. Kisha angalia ncha ya mkia wake. Pete ya gamba kuukuu ikibaki pale hukaza na kuzuia damu. Mweke kwenye chombo chenye maji ya uvuguvugu yasiyofika kichwani, mfuniko wenye matundu, kwa dakika 20 ukiwa karibu, halafu mwache apite katikati ya taulo lenye unyevu mikononi mwako. Kifuniko cha jicho kilichobaki usikichokonoe kwa kucha wala kibano. Ongeza unyevu tangini, na kisipotoka atakapojivua tena, mpeleke kwa daktari.