Taarifa Ilipokelewa: Bodi, Sheria na Jirani wa Kiwanda

Waheshimiwa wakurugenzi, makatibu wa kampuni na wanasheria wenzangu, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa, wajibu wa wakurugenzi kwa jamii na mazingira, ina jina refu kuliko muda niliopewa, kwa hiyo nitaanzia ninapopajua vizuri: kwenye makabrasha ya bodi. Nimekuwa katibu wa bodi kwa miaka kadhaa, na kuna kikao kimoja sijakisahau. Kabrasha lilikuwa nene kama tofali. Bajeti, mikopo, gawio, gari jipya la mkurugenzi mtendaji. Hilo gari peke yake lilitula dakika arobaini. Ajenda ya mwisho kabla ya "mengineyo" ilikuwa taarifa ya mazingira, kurasa mbili tu, na katikati yake sentensi moja: bwawa la majitaka lilifurika mara tatu ndani ya robo mwaka. Watu walikuwa wameshaanza kukusanya simu zao. Mwenyekiti akauliza, "Tunaipokea?" Vichwa vikaitikia. Nami nikaandika kwenye muhtasari: "Taarifa ilipokelewa."

Nataka tuyatazame maneno hayo mawili kwa macho ya jaji.

Kwanza msingi. Tangu kesi ya Salomon ya mwaka 1897 huko Uingereza, kampuni ni mtu anayejitegemea, tofauti na wenye hisa zake. Mkurugenzi basi anawajibika kwa mtu huyo, yaani kampuni. Hawajibiki moja kwa moja kwa mwanahisa mmoja mmoja, wala kwa jirani anayechota maji mtoni chini ya kiwanda. Mto ukichafuka, jirani anaweza kuifungulia kampuni kesi. Lakini mkurugenzi aliyesinzia kikaoni, mwenye haki ya kumdai ni kampuni, na anayeisemea kampuni ni bodi ileile. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Upo mlango wa pembeni: mwanahisa kufungua shauri kwa niaba ya kampuni. Ni mwembamba. Mwaka 2023 shirika la kutetea mazingira la ClientEarth, lenye hisa 27 tu za kampuni ya mafuta ya Shell, liliwapeleka wakurugenzi 11 wa kampuni hiyo kwenye Mahakama Kuu ya Uingereza kwa sababu ya mpango wao wa tabianchi. Halikuvuka hata kizingiti. Jaji alisema kupima kipi kina uzito gani katika biashara ni kazi ya wakurugenzi, na mahakama haitaifanya kwa niaba yao.

Wako wenzangu wanaoisoma hukumu ile na kulala usingizi mnono. Nadhani wanakosea.

Tazameni kifungu cha 172 cha Sheria ya Makampuni ya Uingereza ya mwaka 2006, ambacho Kenya nayo iliweka mfano wake katika sheria yake ya mwaka 2015. Mkurugenzi anatakiwa kuistawisha kampuni kwa manufaa ya wanachama wake, yaani wenye hisa, huku "akizingatia" matokeo ya muda mrefu, maslahi ya wafanyakazi, na athari kwa jamii na mazingira. India, mwaka 2013, ilikwenda mbali zaidi: mazingira yametajwa ndani ya wajibu wenyewe wa mkurugenzi. Ufaransa mwaka 2019 iliingiza sentensi fupi kwenye sheria yake ya madai, kwamba kampuni iendeshwe kwa maslahi yake ikizingatia masuala ya kijamii na kimazingira ya shughuli zake.

Mtaniambia "kuzingatia" ni neno lisilo na meno. Unaweza kulizingatia jambo ukalipita. Kweli. Ila huwezi kuzingatia usichokijua, na kujua huacha nyayo kwenye karatasi. Hapo ndipo muhtasari wangu unaporudi mezani.

Chukueni Blue Bell Creameries ya Marekani. Kazi yao ilikuwa aiskrimu, basi. Mwaka 2015 bakteria wa listeria waligundulika kwenye bidhaa zao na watu watatu wakafariki. Kampuni ikaondoa bidhaa zote sokoni, ikafunga viwanda, ikaachisha kazi zaidi ya theluthi ya wafanyakazi. Mwanahisa mmoja akatumia haki yake ya kukagua nyaraka, akafungua mihtasari ya bodi, akaanza kutafuta. Kamati ya usalama wa chakula? Haikuwepo. Utaratibu wa menejimenti kuleta taarifa za usalama kwa bodi mara kwa mara? Haukuwepo. Menejimenti ilikuwa imepata maonyo kuhusu usafi viwandani, lakini mihtasari haikuonyesha kwamba yalifika kwa wakurugenzi. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Delaware, jimbo la Marekani, ikasema kesi isonge mbele: bodi ya kampuni inayouza chakula kimoja tu, isiyojaribu hata kuweka njia ya kujua kama chakula hicho ni salama, inaweza kuwa imevunja wajibu wa uaminifu.

Sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa watu huchanganya. Mahakama haikudai bodi iwe na uamuzi sahihi. Ilidai iwe na masikio. Na kila biashara ina jambo linaloshika roho yake: kwa mgodi ni bwawa la masalia ya madini, kwa kiwanda cha nguo ni jengo walimo washonaji.

Upande wa pili wa karatasi ni ule wa kupendeza, ripoti ya uendelevu ambamo kampuni huieleza jamii inavyotunza mazingira, yenye picha za watoto wakipanda miti. Vedanta Resources, kampuni mama iliyokuwa London, ilidaiwa na wananchi 1,826 wa Zambia waliosema maji yao yalichafuliwa na mgodi wa kampuni tanzu yake, yaani kampuni inayoimiliki, Konkola Copper Mines. Utetezi wake mliutarajia: huyo ni mtu mwingine, tunarudi kwa Salomon. Mahakama ya Juu ya Uingereza, mwaka 2019, ilikubali shauri lisikilizwe huko, na miongoni mwa nyaraka zilizoiponza Vedanta ni ripoti yake yenyewe ya uendelevu, iliyojigamba jinsi bodi inavyosimamia kampuni tanzu. Mwaka 2021 walipatana nje ya mahakama bila kampuni kukiri kosa. Tangu hapo, mhariri wa ripoti akiniletea rasimu, mstari wowote unaosema "tunahakikisha" naukata kwanza, maswali baadaye.

Kuhusu Umoja wa Ulaya nitasema kwa kifupi. Rasimu ya agizo lake la kuzitaka kampuni zichunguze minyororo yao ya ugavi, yaani wanaowauzia na wanaowahudumia, ya mwaka 2022, ilikuwa na vifungu viwili vilivyowagusa wakurugenzi wenyewe. Agizo lilipopitishwa mwaka 2024 vilikuwa vimeondolewa. Wajibu ukabaki kwa kampuni, nasi tukabaki na muhtasari wetu.

Swali linaloniandama kila nikitoa mada hii ni la mkurugenzi aliye peke yake: nimeona hatari, wenzangu wote wanataka kwenda nyumbani, nifanye nini? Mwambie katibu aandike. Jina lako, hoja yako, tarehe. Muhtasari ukija kuthibitishwa, usome kabla ya kusaini. Nimeona hoja zikiyeyuka kati ya kikao na kikao, na sikuzote kwa bahati mbaya.

Lile bwawa? Kabla ya kikao kilichofuata nilimwomba mwenyekiti tuipandishe taarifa ya mazingira iwe ajenda ya tatu, mbele ya bajeti. Akakubali kwa shingo upande. Wakurugenzi walitaka kujua nani analirekebisha bwawa, lini, na kwa fedha ipi. Ilichukua saa nzima, na mkurugenzi mmoja alilalamika kwamba chakula kilipoa.