Stadi Iliyokatikia Kwenye Hedi

Vijana wangu, sogeeni mezani mwone. Hii ni hedi, yaani kichwa cha injini, ya pikipiki ya bodaboda. Hapa penye tundu la moshi huwa pana stadi mbili, vijiti vya chuma vyenye nyuzi, zinazobana shingo ya egzosi, bomba la kutolea moshi. Moja ipo. Nyingine imekatika, limebaki gutu lisilozidi urefu wa kucha. Dereva wake amekaa pale nje kwenye benchi, na pikipiki isipotoka leo, jioni hana hesabu ya kumpelekea tajiri.

Kwa nini imekatika? Stadi ni chuma, hedi ni aluminiamu. Kila safari vinapata moto na kupoa. Maji na vumbi vinaingia, kutu inajaa kwenye nyuzi, na kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kisha anakuja fundi na spana 10, nati inagoma, anachomeka bomba kwenye spana apate nguvu. Stadi ya milimita 6 haiwezi mkono huo. Ukiona nati iliyogoma imelainika ghafla kabla haijafunguka, simama hapohapo. Chuma kinajisokota.

Sasa shikeni jambo hili: kwa moto uleule, aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukiipasha hedi, tundu linapanuka kuliko stadi iliyomo. Kwa hiyo moto wapewe hedi, pembeni kuizunguka stadi, si stadi yenyewe. Hedi tumeishusha na kuifuta, hakuna petroli karibu. Tochi ya gesi itembezeni, isikae mahali pamoja. Chuma hukuonya kwa wekundu, aluminiamu haikuonyi, na kabla ya kufika nyuzijoto 660 imeshayeyuka.

Dondosha tone la maji. Likirukaruka na kukauka, inatosha. Gusisha mshumaa kwenye shina la gutu. Tazameni kwa makini: nta imetuama… sasa inazama. Imenyonywa na nyuzi. Hapo bana kwa vaisi gripu, ile koleo inayojifunga, na uanze kwa kukaza. Ndiyo, kukaza, kidogo tu, halafu legeza. Mbele, nyuma. Mkisikia inakwaruza kama ina mchanga, rudisheni moto, ongezeni nta. Hata ikichukua saa nzima, ni saa ya halali.

Gutu likiwa fupi mno kushikika, weka juu yake nati ya stadi ya milimita 8 na uchomelee kupitia tundu la nati. Weldi ya chuma haishiki kwenye aluminiamu, na joto lake linaingia katikati ya stadi na kuivunja kutu. Acha wekundu upotee, weka nta, zungusha taratibu. Nati ikibanduka, chomelea nyingine. Nimewahi kurudia mara tano kwenye tundu moja, ya tano ikatoka.

Kutoboa ni njia ya mwisho. Sawazisha gutu kwa tupa, piga senta panchi katikati kabisa, anza na biti ndogo, maliza na ya milimita 5, kisha pitisha tapu, kifaa cha kukatia nyuzi. Ukikosea katikati, biti inakimbilia aluminiamu kwa sababu ni laini, na tundu limeharibika. Hapo mtatafuta koili ya nyuzi, waya uliosokotwa unaowekwa tunduni kuwa nyuzi mpya.

Ile izi-auti, kifaa cha kuzamisha ndani ya stadi iliyotobolewa ili kuizungusha itoke, sipendi muiguse kwenye stadi nyembamba. Nilipokuwa kijana niliikatia ndani ya tundu. Ni chuma kigumu, biti ya kawaida haikikuni hata kidogo. Hedi ikaenda kwa fundi wa mashine, mwenye pikipiki akatembea kwa miguu siku nne, gharama nikalipa mimi. Niliona aibu kumtazama usoni.

Stadi mpya ipakeni grisi ya shaba, iingie kwa vidole. Gasketi mpya, nati mpya, kazeni kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo. Kabla ya hapo toeni tambara mlilozibia tundu la moshi wakati wa kutoboa. Unga wa chuma ukibaki utakwenda kukaa kwenye vali. Mkishafunga, washeni injini ingali baridi, zibeni mdomo wa egzosi kidogo kwa kitambaa, tegeni sikio penye shingo. Kama hakuna mlio wa kupuliza, mwiteni dereva wetu.