Mashine inakausha nguo polepole? Tufungue bomba la hewa pamoja

Jambo yenu, mama na baba, mayaya na wadogo. Niko hapa Nguba, Bukavu, katika chumba changu cha kufulia nguo za wateja, na mdogo wangu ndiye ananishikia kamera. Mvua imeshika tangu asubuhi, mnaisikia juu ya mabati. Kuanzia Septemba hadi Mei, ukianika shuka kwenye kamba linaweza kulala siku tatu na bado likawa na unyevu. Ndiyo sababu nyumba za wageni, na familia zenye uwezo, zinanunua mashine ya kukaushia nguo.

Sasa malalamiko ninayoyapata mara kwa mara ni haya: "Mama, mashine yangu imechoka, nguo zinatoka zimeloa." Kabla hujamwita fundi akubadilishie rezistansi, kile kifaa kinachopasha hewa moto, na kabla hujaiuza kwa bei ya vyuma chakavu, nakuomba utazame bomba. Mashine inapasha hewa moto, inaipitisha katikati ya nguo, na hewa hiyo ikishabeba maji ya nguo inatoka nje kwa bomba la nyuma. Bomba likiziba, mvuke unazunguka humo humo na nguo zako. Rezistansi inaweza kuwa nzima kabisa, lakini hewa haina pa kupita.

Dalili utazijua. Mzigo mmoja unadai mizunguko miwili. Ukigusa juu ya mashine, mkono unaruka. Vioo vya dirisha vinatoa jasho. Halafu kuna harufu ya kitu kinachoungua, na hii msiichezee. Manyoya yanayotoka kwenye nguo yanashika moto upesi kama sufi. Marekani, ambako mashine hizi zimejaa majumbani, idara ya taifa ya zimamoto ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 mioto kama 2,900 kwa mwaka ilianzia kwenye mashine za kukaushia nguo, na sababu iliyoongoza ilikuwa kutozisafisha. Mimi mwenyewe, masika iliyopita, niliisikia harufu hiyo nikafikiri jirani anachoma takataka. Nikaendelea kukausha. Nilipokuja kufungua bomba mikono ilinitetemeka. Ukiisikia, zima mashine saa ileile.

Haya, tuanze. Chomoa plagi ukutani. Hata kama umeme umekatika, chomoa, maana hapa kwetu unarudi wakati wowote na mkono wako uko ndani. Iache mashine ipoe nusu saa.

Toa chujio. Manyoya haya unayakusanya kwa vidole, hivi, yanatoka kama blanketi dogo. Hiyo ni kazi ya kila mzigo, si ya leo tu. Sasa mdogo wangu, sogeza kamera. Namwaga maji kidogo juu ya wavu wa chujio. Mnaona? Maji yamesimama, hayapiti. Wavu unaonekana safi, kumbe umepakwa utando na vile vitambaa vya kulainisha nguo vinavyotiwa ndani ya mashine. Usugue kwa burashi laini na sabuni ya maji ya moto, suuza, uache ukauke kabisa kabla ya kuurudisha.

Twende nyuma. Mwite mtu akusaidie kuvuta mashine, polepole, ili bomba lisichanike. Legeza kwa turnevisi, yaani bisibisi, ile pete ya chuma inayobana bomba, mafundi wanaiita kolie, kisha lichomoe. Vaa barakoa na glovu.

Tazameni humu. Kijivu kinachoelekea bluu, kimeshikana, kina tabaka. Bluu hii ni ya sketi za shule, na weupe huu ni mashati ya wanafunzi. Mwaka mzima wa shule umelala ndani ya bomba la sentimita 10. Nafasi ya hewa iliyobaki haipitishi hata gunzi moja la mahindi.

Toa kwa mkono unachoweza kufikia. Kwa kilichobaki, mimi natumia burashi ndefu ya kuoshea chupa, nimeifunga kwenye ule waya mgumu ambao mafundi umeme wanapitishia nyaya ukutani. Funga kwa nguvu, uzungushie tepu mara nyingi, jaribu kuvuta kabla ya kuingiza. Burashi ikikwama katikati ya ukuta itabidi uvunje. Sukuma, zungusha, vuta. Rudia mpaka itoke safi. Kama una mashine ya kufyonza vumbi, pitisha mwisho, na pale mashine inapopumulia pia.

Bomba lenyewe likiwa la plastiki, lisirudi. Linayeyuka, na mikunjo yake inashika manyoya. Nunua la alumini, fupi kadiri inavyowezekana, lenye kona chache. Viungo vyake vifunge kwa tepu ya alumini. Ukitumia skrubu, ncha zake zitakuwa ndoano za manyoya.

Sasa nje, na hapa ndipo nyumba nyingi za Bukavu zinakosea. Watu wanaogopa mbu na panya, basi wanafunika tundu kwa wavu wa dirishani. Wavu huo unaziba haraka sana. Uondoe. Weka kifuniko chenye bawaba, kinachofunguka hewa ikitoka na kujifunga mashine ikizimwa. Na wewe uliyeelekeza bomba kwenye plafo, yaani darini, litoe leo: mbao zako zinaoza kwa mvuke na manyoya yanarundikana juu ya nyaya.

Mashine yenye tangi la maji la kumwaga haina bomba hili, hiyo ina usafishaji wake.

Rudisha bomba, kaza kolie, isogeze mashine bila kulikandamiza bomba, chomeka plagi. Iwashe tupu dakika kumi. Nenda nje, weka kiganja tunduni. Hewa ikikusukuma mkono na kifuniko kimenyanyuka, imefunguka. Kwa nyumba, fanya hivi mara moja kwa mwaka. Kwa anayefulia wateja kama mimi, kila miezi mitatu. Andika tarehe ya leo kwenye kipande cha tepu, ukibandike ubavuni mwa mashine.