Mikono Yetu Ikalipapasa: Neno Kufanyika Mwili, Ushirika na Furaha

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie imani yetu kwamba Mungu alifanyika mwili, nami naomba nianze na kitenzi kimoja ambacho mara nyingi tunakisoma haraka tukapita. Waraka wa Kwanza wa Yohana unafunguka kwa habari za lile lililokuwako tangu mwanzo, ambalo mashahidi walilisikia, wakaliona kwa macho, wakalitazama, "na mikono yetu ikalipapasa". Kupapasa ni zaidi ya kugusa. Anayepapasa ni mtu aliyeamka gizani akitafuta mlango, au mtu anayepitisha kiganja juu ya kitambaa ajue kama ni kizito au chepesi. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo ndicho kinachopatikana katika Matendo 17, Paulo anaposema huko Athene juu ya mataifa wanaomtafuta Mungu kwa kupapasa-papasa. Na ndicho Yesu mfufuka anachowaambia wanafunzi katika Luka 24, "nishikeni-shikeni". Kule Athene watu wananyosha mikono wasijue kama watafika, na huku Yerusalemu anayetafutwa anaitoa mikono na miguu yake ishikwe.

Tazameni basi ushahidi huo wa mikono unaelekea wapi. Pengine tungetarajia aya ya tatu iseme kwamba habari hii imehubiriwa ili watu waijue kweli. Mwandishi anasema inahubiriwa ili wasikilizaji wapate ushirika naye na wenzake, ushirika ambao ni pamoja na Baba na Mwana. Kisha anaongeza kwamba anaandika ili furaha itimie. Hati za kale zinatofautiana hapo, nyingine zikisema "furaha yetu" na nyingine "furaha yenu", tofauti ambayo kwa Kigiriki ni ya herufi moja tu. Wataalamu wana hoja zao. Mimi nakiri kwamba kosa hilo la mnakili, kama ni kosa, linanipendeza, kwa maana penye ushirika furaha yetu na furaha yenu ni moja.

Kiswahili kimetusaidia katika neno ushirika, lakini katika neno mwili kimetupa kazi kidogo. Tumezoea kusikia "matendo ya mwili" katika Wagalatia 5, orodha ya uasherati, ugomvi na ulevi, hata baadhi yetu tukisikia neno hilo kanisani tunatazama chini. Ndiyo maana Yohana 1:14 inapaswa kutushtua, kwa sababu Neno halikukaa kando ya hali hiyo dhaifu likaishauri kwa mbali, bali lilifanyika mwili. Waebrania 2:14 inalieleza jambo hili kwa ushirika wenyewe: kwa kuwa watoto wameshiriki damu na mwili, yeye naye alishiriki yayo hayo. Kwa hiyo, kabla hatujaitwa kushirikiana naye, yeye alikwisha kuwa mshirika wetu katika njaa, usingizi, machozi na kifo. Mtaguso wa Kalkedonia, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, ulisema kwamba yeye ni wa asili moja na Baba kwa Umungu wake, na wa asili moja nasi kwa ubinadamu wake. Sitakaa sana hapo, ila mjue kwamba lugha hiyo ngumu ilikuwa inalinda jambo hili hili la kushiriki kweli.

Je, ingekuwaje kama mwili ule ungekuwa mwonekano tu? Mapema katika karne ya 2 walikuwako waliofundisha hivyo. Ignasi, askofu wa Antiokia, alikuwa anapelekwa Roma chini ya ulinzi wa askari ili auawe, na alipofika Troa akawaandikia Wakristo wa Smirna. Hoja yake ni ya mtu aliyefungwa: ikiwa Bwana wetu aliyatenda haya kwa mwonekano tu, basi hata mimi minyororo yangu ni ya mwonekano. Kisha anasema juu ya walimu hao neno ambalo naliona zito kuliko mabishano yote. Anasema hawajali upendo, hawana habari na mjane wala yatima, na mtu aliyefungwa au mwenye njaa hawamjali. Tena wanajitenga na Ekaristi. Kwa Ignasi, anayeukana mwili wa Kristo na anayempita mwenye njaa ni mtu yule yule.

Na furaha je? Luka anaandika kwamba wanafunzi walipoonyeshwa ile mikono na miguu, walikuwa bado hawajaamini "kwa furaha". Mara nyingi tunadhani imani hutangulia na furaha hufuata, lakini hapa furaha imetangulia, imekuwa kubwa mno hata imeizuia imani. Yesu hakuwakemea. Aliuliza kama wana chakula chochote, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akakila mbele yao.

Namalizia na Waraka wa Pili wa Yohana, wenye aya 13 tu. Katika aya ya 7 mwandishi, anayejiita mzee, anawaonya wasomaji dhidi ya wadanganyifu wasiokiri kwamba Yesu Kristo yuaja katika mwili. Aya tano baadaye anasema ana mengi ya kuwaandikia, lakini hataki kuyamaliza kwa karatasi na wino. Anatarajia kufika kwao na kusema nao mdomo kwa mdomo, ili furaha itimie. Wengi huisoma aya hiyo kama salamu za mwisho za barua. Mimi naisoma kama sehemu ya lile onyo lake: mtu aliyetetea mwili wa Bwana wake anaiweka kalamu chini, kwa sababu waraka peke yake hautoshi, na anataka kwenda mwenyewe.