Kasiba Inayokatwa kwa Kufuata Risasi

Walimu wa karakana, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliokuja na maovaroli yenu, shikamooni na hamjambo. Nimeombwa nizungumzie ukerezaji wa vipimo vidogo. Mfano niliouchagua hamtaufanya hapa kwetu, maana kutengeneza silaha bila leseni ni jinai: kufunga kasiba mpya, yaani bomba linalopitisha risasi, kwenye bunduki ya shabaha ya .22, ile ndogo ya inchi 0.22 hivi. Marekani na Ujerumani wapo mafundi wenye vibali wanaoishi kwa kazi hiyo.

Tuanze na risasi, kwa sababu ndiyo inayotawala mambo yote. Mwaka 1845 huko Ufaransa, fundi wa bunduki Flobert alichukua fataki, kile kikombe kidogo chenye dawa ya kulipuka, akaipachika kigololi. Mwaka 1857 Smith & Wesson wakatoa .22 fupi, na mwaka 1887 kampuni ya Stevens ya Massachusetts ikaleta .22 Long Rifle, ambayo ndiyo inatumika mpaka leo. Katika risasi nyingi za bunduki kubwa, fataki hukaa katikati ya kitako cha ganda. Ikishalipuka unaitoa, unaweka nyingine, unajaza baruti upya. Hii ya .22 haina cha kutoa. Dawa ya kulipuka imefichwa ndani ya ukingo wa ganda. Pini ya bunduki ikiupiga, ukingo unabonyea, na ganda limekwisha kazi.

Kwa hiyo mlenga shabaha wa bunduki kubwa anaweza kukaa mezani kwake akapima baruti mpaka risasi iipende kasiba yake. Wa .22 hana nafasi hiyo. Ananunua boksi kama lilivyotoka kiwandani. Kisichobadilika ni risasi, basi kasiba ndiyo ikatwe kuifuata.

Kichwa cha risasi hiyo ni madini laini ya risasi, kina gramu 2.6 hivi, na kipenyo chake ni sawa na cha ganda. Ni kisigino chake tu kilichopunguzwa kiingie ndani. Kwenye bunduki ya kuwindia sungura, chemba, yaani sehemu ya nyuma ya kasiba inayokaa risasi, huachwa pana ili risasi yoyote iingie hata ikiwa na uchafu. Ya mashindano hukatwa fupi na ya kubana, kiasi kwamba ukifunga bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya chemba, kichwa kinakuwa tayari kimeuma mifereji iliyochongwa ndani ya kasiba. Ukiichomoa bila kufyatua utaona mifereji imejichora juu yake. Faida ni kwamba kila risasi inaanza safari ikiwa imenyooka vilevile.

Hapo ndipo mashine ya kukerezea inapoingia, na nawaomba mnisikilize vizuri. Fundi akiifunga kasiba kwenye mashine hasawazishi kwa kutazama nje. Anasawazisha kwa tundu. Drili ndefu hainyooki kabisa ndani ya chuma, kwa hiyo nje inaweza kuzunguka imetulia huku ndani kunayumba. Fundi huingiza geji ya mshale tunduni, analegeza huku, anakaza kule, mpaka mtikisiko ubaki mikroni chache. Kukata chemba kwenyewe ni kazi fupi ukilinganisha na usumbufu huo. Rima, kifaa cha kukatia chemba, huenda polepole kwa mafuta mengi, na huchomolewa kila mara kufutwa vumbi la chuma. Chembe moja ikibaki, inachora mkwaruzo ukutani.

Kipimo kinachonivutia kuliko vyote ni cha ukingo. Unene wake ni milimita 1.1 hivi, na ndio unaolizuia ganda lisizame mbele. Nafasi yake ikizidi, pini inalisukuma ganda kabla ya kulibonyeza, nguvu ya pigo inapotea, na dawa inawaka kwa namna tofauti kila mara. Ikipungua, bolti haifungi, au inafunga kwa kuuponda ukingo wenye mlipuko ndani yake, na huo ni msiba. Kwa hiyo hakisii mtu hapo, ni geji tu.

Mtaniambia ipo bunduki ya .22 iitwayo Ruger 10/22, iliyotoka mwaka 1964, ambayo kasiba yake haina nyuzi. Inashikwa na kibano na skrubu mbili. Ni kweli, na imewapa watu wengi furaha. Lakini mimi naona imewazoesha wengi kudhani kazi ni kukaza skrubu. Aliyeikata chemba ile ndiye aliyefanya kazi.

Mdomo wa kasiba nao husafishwa uwe sawa pande zote, kwani gesi ikitangulia kutoka upande mmoja inakisukuma kichwa kando. Kwenye shabaha ya Olimpiki ya mita 50, duara la kumi lina kipenyo cha milimita 10.4. Kosa dogo mdomoni linaonekana kule.

Hata baada ya yote hayo, mshindani huipeleka bunduki yake kwa watengenezaji wa risasi, Eley kule Birmingham, Uingereza, au Lapua huko Schönebeck, Ujerumani. Inafungwa kwenye kibano, wanajaribu toleo moja baada ya jingine la risasi zinazofanana kwa jina na bei, na moja linapiga vizuri kuliko mengine. Analinunua kwa wingi, kwa sababu toleo likiisha limeisha.

Haya, twendeni mashineni. Mabomba mliyowekewa yametobolewa kombo kwa makusudi, na atakayesawazisha kwa kutazama nje nitamjua.