"Afande" Kapiga Simu Anataka Hela ya Dhamana: Fanya Hivi

Karibuni tena. Leo shika simu yako mkononi twende pamoja, maana hili limeingia mpaka nyumbani kwetu.

Mama mkubwa anauza vitenge Mbagala Rangi Tatu. Saa nne asubuhi akapigiwa: "Mama, mimi afande. Kijana wako kagonga mtu na bodaboda, tunaye hapa. Tuma laki mbili na nusu ya dhamana kabla jalada halijafunguliwa." Nyuma yake mtu analia, "Mama, nisaidie!" Akampigia mwanawe, hapatikani. Akatuma. Kumbe kijana naye alishapigiwa na mtu aliyejifanya wa mtandao wa simu, akaambiwa azime simu nusu saa ili laini isifungiwe. Walijipanga.

Kwa hiyo la kwanza: uliza kituo gani, kisha kata simu. Atakutisha, "Ukikata tunampeleka mahakamani!" Kata. Anataka ubaki hewani usipate nafasi ya kumuuliza mtu yeyote.

La pili, mtafute ndugu yako. Hapatikani? Hiyo bado si ushahidi. Mpigie bosi wake, mkewe, wenzake wa kijiweni. Mama mkubwa angepiga kijiweni tu, angeambiwa kijana huyo hapo, kakaa juu ya pikipiki anasubiri abiria.

Ukibaki na wasiwasi, nenda kituoni au mtume aliye karibu. Wametaja Buguruni? Buguruni hiyo hiyo, uliza kaunta. Na dhamana ya polisi ni bure, hailipiwi hata shilingi. Faini ya barabarani nayo inalipwa kwa kumbukumbu namba, haiendi kwenye laini ya mtu.

Sasa tazama skrini yangu. Naingiza namba, naingiza kiasi. Kabla sijaweka namba ya siri, hili hapa jina la mpokeaji. Simama hapa, lisome kwa sauti. Hata likifanana na jina alilokutajia, hiyo ni laini ya mtu binafsi, si ya serikali. Rudi nyuma, futa.

Umeshatuma? Piga 100 sasa hivi, huduma kwa wateja, omba muamala uzuiwe. Usichelewe, maana mwenzako anawahi kwa wakala. Meseji ya muamala usiifute. Nenda nayo kituo cha karibu, toa taarifa, upewe RB, ile namba ya taarifa yako polisi. Namba ya tapeli iripoti kwa meseji kwenda 15040.

Mwisho, ingia kwenye majina uliyohifadhi. Kila mtu wa nyumbani mwandikie namba ya pili, ya mtu anayeshinda naye. Ya kijiweni kwa yule kijana nimemwandikia mama mkubwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikaibandika nyuma ya kava la simu yake.