Nyota ya Krismasi kwa kuti la mchikichi na kanga kuukuu, hatua kwa hatua

Karibuni sana. Leo tunatengeneza nyota kubwa ya kuning'iniza barazani, yenye taa ndani, pamoja na mapambo mawili madogo ambayo watoto watayafanya wenyewe wakati wakubwa wanahangaika na fito. Vifaa vyote vinapatikana hapa Kigoma, na vingi havina bei.

Kabla hatujashika kisu, neno moja kuhusu msimu. Krismasi yetu inaangukia katikati ya masika ya huku, mvua zilizoanza Novemba zinaendelea hadi Aprili. Karatasi za rangi ukizibandika leo, baada ya siku tatu zimelegea, rangi imechuruzika ukutani, na gundi ya uji wa muhogo imeota ukungu na kuita mende. Ndiyo maana kwenye video hii hakuna gundi hata tone. Tunafunga na tunashona. Pambo lililofungwa vizuri linakaa mpaka Epifania, tarehe 6 Januari, na mwaka unaofuata unalitoa tena.

Andaa hivi: kuti moja la mchikichi lililokomaa, kanga moja kuukuu, uzi wa nyavu uliosokotwa mita 15 hivi, sindano kubwa na uzi wa kushonea, chaki, futi ya fundi cherehani, kisu kikali, na taa ndogo ya LED ya betri au ya sola. Kwa ajili ya watoto: chelewa, mabaki ya vitenge, uzi wa kufumia sweta, na kokwa za chikichi kama thelathini.

Kuti hununui. Wavunaji wa mikungu hukata makuti yanayozuia njia ya panga na kuyaacha shambani, kwa hiyo omba la juzi au la jana, likiwa bado bichi. Lililokauka kabisa halichaniki, linapasuka ovyo. Angalia hapa chini, karibu na shina: hii ni miba, ni mikali na jeraha lake huvimba kwa urahisi. Sehemu hiyo yote ikate uiache hukohuko shambani, usiilete nyumbani kwenye watoto. Tunatumia mti wa katikati ya kuti, kuanzia pale miba inapoishia.

Kata vipande vitatu vya sentimita 65. Simamisha kipande, weka kisu juu yake, gonga kisu kwa kipande cha ubao mpaka kizame, kisha chana taratibu kwenda chini. Tunachotaka ni ganda la nje. Ndani kuna nyama laini nyeupe, kwangua yote uitupe, maana ndiyo inayobeba maji na ndiyo wadudu wanayoitafuta. Ufito uliokamilika una upana wa sentimita moja na unene wa milimita 4. Ukiuacha mnene zaidi, utagoma kupinda baadaye. Ukiupunguza sana, nyota italegea. Kila kipande kitatoa fito nne, jumla kumi na mbili. Tunahitaji kumi, mbili ni za akiba.

Sasa zianike kivulini siku mbili. Kivulini, si juani. Jua linakausha upande mmoja haraka kuliko mwingine na ufito unajisokota, hautanyooka tena. Wengi huruka hatua hii na kufunga fito zikiwa mbichi. Wiki moja baadaye fito zimesinyaa, mafundo yote yanacheza, na nyota inaning'inia upande. Wala usizipake mawese ili zing'ae. Rangi yake inavutia kweli, lakini yanahamia kwenye kitambaa, yanashika vumbi, na panya watakuja.

Fito zikishakauka, zikate zote ziwe na urefu wa sentimita 63 sawasawa. Hapa tulia kidogo, kwa sababu vipimo hivi ndivyo nyota yenyewe. Weka alama sentimita moja na nusu kutoka kila ncha: hapo ndipo tutafunga, na kati ya alama hizo mbili zinabaki sentimita 60. Kisha, kutoka kila alama ya kufungia, pima sentimita 23 kuelekea katikati, weka alama nyingine. Katikati zitabaki sentimita 14. Hizi alama za ndani ni mahali ambapo fito zitapishana. Fanya hivyo kwa fito zote kumi.

Chukua tano za kwanza. Tunazipanga kwa mwendo uleule wa mtoto anayechora nyota bila kuinua kalamu. Ufito wa kwanza unatoka mguu wa kushoto kwenda kileleni. Wa pili unatoka kileleni kwenda mguu wa kulia. Funga kileleni: zungusha uzi mara nne kwa mshazari, mara nne kwa mshazari wa upande wa pili, halafu mizunguko miwili katikati ya fito ili uzi ubane, kisha fundo mara mbili. Tumia uzi wa nyavu uliosokotwa, ule wanaoshonea nyavu wavuvi wa Kibirizi na Katonga. Mshipi wa ndoano, ule wa utando mmoja unaong'aa, usiutumie. Unateleza na fundo linajifungua lenyewe. Na huu uliosokotwa nao ni wa nailoni, kwa hiyo choma ncha yake kidogo kwa kiberiti ishikane.

Ufito wa tatu: mguu wa kulia kwenda mkono wa kushoto, upite juu ya ufito wa kwanza. Wa nne: mkono wa kushoto kwenda mkono wa kulia, upite chini ya wa kwanza, kisha juu ya wa pili. Wa tano: mkono wa kulia kurudi mguu wa kushoto, upite chini ya wa pili, juu ya wa tatu. Simamisha video hapa ukague yako. Kila ufito, ukiufuata kwa mwendo tuliouchora, lazima upite chini kwanza halafu juu. Kama kuna unaopita juu mara mbili, ulikosea mahali, na nyota haitalala bapa.

Kabla hujakaza mafundo ya mwisho, pima umbali kati ya kila ncha na jirani yake. Unatakiwa kupata sentimita 37 pande zote tano. Upande mmoja ukiwa 40 na mwingine 34, sukuma kwa mkono mpaka zilingane, na alama za ndani zikutane. Jicho linadanganya sana kwenye nyota; futi haidanganyi. Zikilingana, kaza. Mapishano matano ya ndani usiyafunge bado. Tengeneza nyota ya pili vilevile, na ukizilaza moja juu ya nyingine zifunikane.

Sasa kitambaa. Watu wengi wanakimbilia kitenge kwa kuwa kina rangi kali, ila kitenge kizito kinazuia mwanga; taa ikiwaka utaona doa jeusi tu. Kanga iliyofuliwa mara nyingi imekuwa nyepesi, mwanga unapita vizuri. Kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu, inatosha pande zote mbili za nyota. Kama rangi yake bado inatoka, iloweke kwanza kwenye maji na uisuuze mpaka maji yawe meupe, la sivyo manyunyu ya kwanza yatachora ukuta. Panga uchague sehemu ya mji wa kanga, na yale maandishi yabaki nje ya kipande unachokata, kwa sababu taa ikiwaka usiku yanasomeka mpaka barabarani.

Laza nyota juu ya kanga, chora kwa chaki kuizunguka ukiacha sentimita mbili na nusu nje ya ufito. Kata. Kwenye zile kona tano za ndani, chanja kitambaa kuelekea kona, uache milimita 3 kabla ya kufika kwenye ufito. Ukichanja mpaka mwisho, utapata tundu na taa itachungulia hapo. Usipochanja, kitambaa kitavuta na kukunjamana. Kunja ukingo uzunguke ufito na ushone kwa mishono ya sentimita moja. Anza kwenye kona za ndani, malizia kwenye ncha. Ukianzia kwenye ncha, kitambaa chote cha ziada kinasukumwa katikati na nyota inakuwa na tumbo. Kwenye ncha zenyewe punguza kitambaa, kisirundikane.

Weka nyota mbili mgongo kwa mgongo, kanga ikiwa nje pande zote. Funga ncha tano kwa pamoja, kila ncha ya mbele na mwenzake wa nyuma. Mpaka hapa bado ni bapa.

Kata vijiti vitano vya kupanulia, kila kimoja sentimita 10, kutoka kwenye fito za akiba au kijiti chochote kigumu. Chonga pengo dogo kila mwisho ili kijiti kikae juu ya fito bila kuteleza. Ingiza mkono kwa ubavuni, kwenye mapishano ya ndani, tenganisha mbele na nyuma, simamisha kijiti kati yao. Usiingize vijiti viwili vya jirani mfululizo: ruka kimoja kila mara, nguvu isambae. Ukisikia ufito unalia, acha, punguza kijiti kiwe sentimita 8. Kila kijiti kifunge kwa fundo la kitanzi, lile unalovuta ncha moja likafunguka. Sababu tutaiona mwishoni.

Wafilipino wana nyota ya umbo hili, wanaiita parol, na asili yake ni mianzi na karatasi. Kwao ubavu nao hufunikwa. Sisi tunauacha wazi, kwa sababu mkono unapita kuwasha taa, na upepo wa ziwa unapita bila kuichapa nyota ukutani.

Taa ifunge katikati kwa uzi kutoka vijiti viwili vya kupanulia, isiguse kanga. Iwe LED. Mshumaa hapana, kibatari hapana, na balbu za zamani za waya zinazochemka hapana. Ni kitambaa na kuti kavu, juu yake kuna dari. Usijaribu hata kwa dakika moja ya kupiga picha.

Kuning'iniza: uzi utoke kwenye mikono miwili, kushoto na kulia, uende kwenye misumari miwili tofauti. Ukiitundika kwa uzi mmoja kileleni, itazunguka usiku kucha na kufikia asubuhi uzi umejisokota. Misumari ikae ndani ya ukingo wa bati, kwa kuwa mvua ya Kigoma ikija na upepo inapiga mshazari.

Wakati hayo yanaendelea, watoto wako wapi? Wa kuanzia miaka minane wape chelewa. Kata chelewa tatu za sentimita 12, ziloweke kwenye maji ya vuguvugu nusu saa ili zisikatike, zipishanishe katikati zitoe mikono sita, ufunge. Kisha uzi wa sweta unazungushwa mara moja kila mkono, unahamia mkono unaofuata, hivyohivyo mpaka ubaki mwisho wa sentimita moja. Kosa la kawaida ni kuvuta uzi kwa nguvu kwenye mkono mmoja. Nyota inapinda kama mwavuli. Mwambie mtoto uzi uguse, usibane.

Wadogo zaidi watafanya vidude vya mviringo. Kokwa za chikichi zilizobaki baada ya kukamua mawese, zioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara mbili, kwa sababu mafuta kidogo tu yatatokeza doa kwenye kitambaa, na uzianike zikauke kabisa. Mkubwa akate kitenge miduara ya sentimita 10. Hapa kitenge ndicho chenyewe, kwani rangi zinatakiwa na mwanga hautakiwi. Mabaki utayapata kwa mafundi cherehani wa soko la Mwanga, waombe ya rangi mbalimbali. Mtoto anaweka kokwa katikati, anakusanya kitambaa juu, mkubwa anafunga kwa uzi na kuacha kitanzi. Uzito wa kokwa unafanya pambo litulie kwenye tawi, halipeperuki. Kukiwa na mtoto chini ya miaka mitatu nyumbani, yatundikwe juu asikofika, maana kokwa moja inatosha kumkaba.

Sikukuu zikiisha, toa taa na betri zake. Betri ikiachwa ndani inavuja na kuharibu taa. Vuta vile vitanzi, vijiti vitano vitatoka na nyota itarudi kuwa bapa. Subiri siku yenye jua, ianike saa mbili tatu mpaka kanga iwe kavu kabisa, ifunge kwenye kiroba safi pamoja na vijiti vyake, na ukitundike kiroba kwenye kenchi, mbali na ukuta. Ukikiweka sakafuni, panya watakitoboa.